Shemeji Bado Yuko Ndani

Bwenini,
Jumapili, 4 Februari

Dada yangu,

Nimefika salama, na sanduku limefika salama, isipokuwa kishikio kimoja kilichobaki mkononi mwa kondakta. Nilitaka kumwomba anirudishie, lakini unanijua. Nilipomaliza kupanga maneno, basi lilikuwa limeshaondoka.

Nakuandikia mapema kwa sababu ya tarehe 2 Machi. Ni Jumamosi, siku ya wageni. Mwalimu wa lugha amechagua insha tatu zisomwe mbele ya wazazi, na moja ni yangu. Nilimwomba ampe mtu mwingine aisome. Akasema, "Miwani, insha ni yako na mdomo ni wako." Basi nitasimama mimi. Naogopa tangu sasa, na bado karibu mwezi mzima. Nikikuona umekaa mbele nitaweza. Tangu Mama atutoke, wewe ndiye unayekaa mbele.

Sikukumbushi ya mwaka jana ili kukulaumu. Lakini mlifika mlinzi ameshafunga geti, tukaongea kupitia vyuma kama watu wa gerezani. Wewe ulikuwa unalia, na Shemeji alikuwa amesimama nyuma yako ameshika mfuko wa machungwa, haangalii popote. Mpaka leo sijui kama mlikuwa mmegombana au lilikuwa jua tu. Simu huku haziruhusiwi, kwa hiyo siwezi kukuuliza siku yenyewe mko wapi. Tafadhali njooni mapema.

Msalimie sana Shemeji. Mwambie ile rafu ya vitabu aliyonitengenezea likizo nimeiota mara mbili.

Mdogo wako,
Miwani

*

Nyumbani,
Jumamosi, 10 Februari

Miwani wangu,

Hongera mno. Nitakaa mbele, hata kama itabidi nimkalie mkuu wa shule mapajani.

Unauliza kama mwaka jana tulikuwa tumegombana. Hatukugombana. Na huyu mume wangu huwezi kugombana, ni sawa na kugombana na godoro. Lakini sasa umekuwa mtu mzima, acha nikwambie ninavyoishi.

Tunatoka pamoja kila asubuhi, yeye anakwenda saiti kupiga lipu kuta za watu, mimi nakwenda mapokezi kliniki ya meno. Mimi nimeshavaa, mkoba begani, nimekaa kwenye ngazi ya nje. Yeye anasema, "Nakuja." Basi nasikia hatua zinakwenda chumbani. Zinarudi sebuleni. Zinakwenda jikoni. Kimya. Kisha nasikia kiti kinavutwa. Kiti, Miwani! Mtu anayetoka anavuta kiti cha nini?

"Baba, tunatoka au tunahamia humu?"

"Nakuja, mama."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

"Sasa unatafuta nini?"

"Sijui. Nakuja."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya ndoa. Mama jirani akipita huniuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nami namjibu, "Bado yuko ndani." Siku hizi haulizi tena, ananijibia mwenyewe huku anacheka. Kazini Daktari amenipokea jana mbele ya watu: "Dada wa mapokezi, hapa wewe unapokea wagonjwa au wagonjwa wanakupokea wewe?" Mtu mwenye shavu limevimba hivi akacheka, na anaumwa.

Kinachoniuma si kuchelewa. Mwezi uliopita nililala na homa, sijiwezi. Siku hiyo mume wangu alitoka kama mshale. Alinifunika, akaniwekea maji karibu, mlango ukafungwa mara moja tu, kimya. Nilibaki naangalia dari. Kwa hiyo anaweza! Kutoka na mimi ndiko kunakomshinda. Nimewaza mpaka nimechoka. Labda anaona haya kuonekana na mimi barabarani. Labda anatamani siku moja nichoke nitangulie, asinione.

Nikwambie la mwisho, na lisitoke hapo. Mwenzangu anayeosha vifaa pale kliniki ana chumba cha nyuma, kimekaa bure, amenikaribisha. Nimejiwekea nadhiri. Tarehe 2 Machi ikiwa kama mwaka jana, nikakuona tena kupitia vyuma, sirudi kwenye ile nyumba. Wewe likizo utakuja huko huko, tutabanana. Yeye hajui, na usimwambie.

Dada yako

*

Bwenini,
Jumatano, 14 Februari

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka jirani yangu wa kitanda ameuliza kama imetoka kwa mvulana. Nimemwambia ni ya familia. Akasema kumbe hata familia huandika za kusomwa hivyo.

Sijui nikujibu nini. Nimekwenda maktaba nikatafuta. Katika vitabu, mwanamume anayejivuta kutoka nyumbani huwa ana siri, au ana ugonjwa ambao hajamwambia mtu, au ni mpelelezi. Nimejaribu kumfikiria Shemeji akiwa mpelelezi nikashindwa, angefika wakati vita vimeshakwisha. Ugonjwa nimeuogopa, nimeuacha. Siri sijui angeiweka wapi, maana nyumba yenyewe ina vyumba viwili na kimoja kimejaa vitabu vyangu.

Lakini nimekuta kitabu kimoja ambacho mke alichoka kumsubiri mumewe. Hakugombana naye wala hakuhama. Siku moja alitoka tu, akaenda zake, basi. Sijui mwisho ulikuwaje kwa sababu kurasa za mwisho zimechanwa, lakini mwanzo ulikuwa mzuri. Naona nawe ufanye hivyo. Jumamosi ile usimsubiri. Akija nyuma, amekuja. Wewe utakuwa umeniona, geti litakuwa wazi, na hutakuwa na sababu ya kuhama.

Naomba usihame. Najua ni ubinafsi. Nikikufikiria kwenye ngazi nakasirika kwa ajili yako, halafu nikimfikiria Shemeji ndani anazunguka hajui anatafuta nini, namhurumia yeye. Sielewi niko upande gani. Je, inawezekana kuwa pande zote mbili bila kuwa mnafiki?

Miwani

*

Bwenini,
Alhamisi, 15 Februari

Kwako Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nimeituma saiti kupitia msimamizi wenu kwa sababu nataka uisome peke yako.

Nina ombi moja, na naona aibu kuliomba. Jumamosi ya tarehe 2 Machi ni siku ya wageni. Nakuomba siku hiyo utoke nyumbani mapema sana, hata kabla Dada hajamaliza kuvaa. Usimsubiri Dada, atakuja mwenyewe. Ukikumbuka kitu ukiwa mlangoni, kiache. Chochote kile, Shemeji, kiache.

Siwezi kukueleza kwa nini. Nimeahidi. Pia naomba usimwambie Dada kuwa nimekuandikia.

Samahani kwa usumbufu. Rafu ni nzuri sana.

Shemeji yako mdogo,
Miwani

*

Saiti,
Alhamisi, 22 Februari

Shemeji yangu mdogo,

Barua nimeipata, msimamizi aliniletea juu ya jukwaa nikadhani kuna msiba. Nikateremka kuisoma chini.

Mimi si mtu wa kuandika, mkono umezoea mwiko wa lipu, kwa hiyo nitasema machache. Nitatoka mapema. Hapo uliposema nisimsubiri dada yako sijaelewa, maana anayesubiri siku zote ni yeye. Lakini umeomba, na wewe si mtu wa kuomba ovyo. Nitafanya kama ulivyosema.

Rafu ikianza kuyumba weka kipande cha karatasi chini ya mguu wa kushoto. Nilikosea kipimo kidogo.

Mimi Shemeji

*

Nyumbani,
Jumamosi, 24 Februari

Miwani,

Haraka haraka, niliianza nyumbani, namalizia kazini, kuna mtu hapa ananung'unikia jino.

Nimeukubali ushauri wa kitabu chako kisicho na mwisho. Jumamosi saa moja asubuhi mimi niko barabarani, awepo asiwepo. Nimeshaandaa gauni. Sitamwita, sitamgombeza, natoka.

Ila kuna jambo. Leo asubuhi ameniambia, "Ile Jumamosi usiwe na wasiwasi." Wasiwasi wa nini? Nani amemwambia nina wasiwasi? Nimemwangalia, ameangalia pembeni. Sasa nimeanza kuamini habari zako za mpelelezi.

Dada

*

Bwenini,
Jumamosi, 2 Machi, jioni

Dada,

Uko wapi? Labda nimeuliza vibaya. Uko nyumba ipi?

Asubuhi hatujamaliza kufagia uwanja, mlinzi akaniita. "Miwani, una mgeni. Nimemwambia geti halijafunguliwa, kasema hana haraka." Nikajua ni Shemeji kabla sijamwona. Alikuwa mgeni wa kwanza, Dada. Aliwatangulia hata wazazi wa kiranja mkuu, ambao wanaishi ng'ambo ya barabara. Alikuwa amevaa lile shati la harusi yenu, nywele amechana, viatu vina vumbi la lipu.

"Shemeji, Dada yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja na nani?"

"Si ulisema atakuja mwenyewe?"

"Nilisema?"

"Kwenye barua."

Unatujua sisi wawili tukiachwa bila wewe, tunakuwa kama viti viwili vimewekwa ukumbini. Akaniuliza kama rafu inayumba. Nikamwambia iko nyumbani, sijui. Akasema, "Kweli." Kila mwanamke aliyeingia getini, Shemeji aliinuka nusu, kisha akakaa.

Ukumbini alishika kiti cha mbele kwa ajili yako, akaweka mfuko juu yake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Hapa kuna mtu?" Shemeji akamjibu, "Yupo, bado yuko ndani." Yule mama akatazama huku na huku, ndani gani. Shemeji mwenyewe alionekana kushtuka kwa alichosema.

Nilipoitwa jina alipiga makofi kabla sijafungua mdomo. Alipiga peke yake. Ukumbi mzima ukamgeukia, naye akaendelea, nadhani kwa sababu kuacha katikati kungekuwa aibu zaidi. Nikasoma. Sikumbuki nilivyosoma. Mwalimu wa lugha anasema nilisoma vizuri lakini nilikuwa nauambia mfuko.

Saa ya wageni kuondoka ilipofika, alisimama, akaniaga, akaenda. Hakurudi kuchukua kitu. Hakujipapasa mifuko. Hakugeuka hata mara moja, mpaka akapotea kwenye kona. Nilibaki nimesimama najiuliza, huyu ni Shemeji gani?

Dada, kama umeshahamia kwa mwenzako, niambie tu. Nitazoea. Lakini nadhiri yako ilikuwa kwamba akichelewa. Hakuchelewa. Yeye alifika, wewe ndiye hukufika, na mimi sasa sijui nadhiri inasemaje mambo yakiwa hivyo.

Lazima pia nikiri kuwa nilimwandikia. Umeshaelewa. Nilidhani mkitoka kila mmoja kivyake mtafika wote wawili. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa inakubali.

Miwani

*

Nyumbani,
Jumatatu, 4 Machi

Miwani,

Nisamehe mdogo wangu. Sikuhama. Nilishindwa kutoka.

Sikiliza. Nilitoka bafuni, nikavaa, nikaita, "Haya, mimi natoka!" Kimya. Nikajua yuko nyuma kwenye tangi la maji kama kawaida yake. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Najua nilisema sitasubiri. Nilijiambia nakaa kidogo tu nifunge kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Nikaanza kusema. Nilipandisha sauti ili anisikie huko ndani, sikugeuza uso, nikamwaga miaka miwili yote pale pale. Kwamba nimechoka kuwa mlinzi wa mlango wangu mwenyewe. Kwamba kama ananionea haya aniambie. Nikamwambia mpaka habari za chumba. Nilisema maneno mazuri, Miwani, ungekuwepo ungeyaandika. Nilipomaliza nikasubiri jibu. Akatoka paka wa jirani.

Mama jirani akachungulia juu ya ukuta. "Unaongea na nani?"

"Na mume wangu."

"Mumeo? Huyu niliyemwona anapita jua halijachomoza, kachana nywele?"

Nikaingia ndani. Nikazunguka nyumba yote, hayupo. Nikampigia simu, ikalia juu ya meza ya chakula. Basi nikasema sawa, vizuri, nafunga nyumba naondoka. Hapo ndipo nilipokwama.

Mlango wa jikoni haufungiki. Unausukuma, unarudi. Unausukuma kwa nguvu, unarudi kwa nguvu. Nyuma nasikia maji yanamwagika, tangi limejaa, kumbe kuna mahali panafungwa kila asubuhi na mimi sipajui. Dirisha la chumbani lina kijiti ambacho kinawekwa sijui wapi. Miaka miwili ninaishi humu na sijawahi hata siku moja kuwa wa mwisho kutoka. Nilikuwa nimeloa mpaka magotini, na gauni langu la wageni. Mama jirani alikuja kunisaidia, naye hakuweza, akakumbuka kuwa amemwona mume wangu dirishani akiunyanyua ule mlango kwa mguu huku anausukuma kwa bega. Tukajaribu, yeye mguu, mimi bega. Ulipokubali, basi la mwisho la kunifikisha kwenu lilikuwa limeshapita. Nikarudi kukaa kwenye ngazi, nyumba imefungwa vizuri.

Alirudi jioni.

"Mbona hukuja?" akaniuliza.

"Mbona ulitoka?"

"Miwani aliniomba."

Sijakasirika na wewe, najua moyo wako. Lakini nitakwambia ukweli. Wewe ulimwomba mara moja, kwa karatasi, akatoka kabla ya jua. Mimi nimemwomba kila siku ya Mungu kwa mdomo wangu. Sasa nakuonea wivu, na kumwonea wivu mdogo wangu niliyemlea ni kitu ambacho sijui nikishike vipi. Angechelewa ningejua la kufanya. Hakuchelewa, na naumia zaidi.

Tangu juzi tunaongea ya chumvi na sabuni tu. Mwenzangu wa kliniki nimemwambia nitampa jibu la chumba mwisho wa mwezi.

Dada

*

Bwenini,
Ijumaa, 8 Machi

Shemeji,

Hii ni barua yangu ya pili kwako na nadhani ya kwanza ilikuwa kosa. Nilitaka kusaidia, sasa mambo yako pale yalipokuwa, au nyuma zaidi. Sijui.

Naomba unijibu swali moja kwa kweli kabisa. Kwa nini uliweza kutoka siku ile? Ni kwa sababu nilikuomba mimi? Na kama ni hivyo, kwa nini Dada akikuomba huwezi?

Sikuulizi kwa udadisi. Kuna mtu jibu hilo linamhusu sana. Ukiona nimekukosea heshima, nisamehe, ila jibu.

Miwani

*

Saiti,
Alhamisi, 14 Machi

Shemeji yangu mdogo,

Jibu la kwanza niliandika nikalichana, halikuwa la kweli. Hili ni la pili.

Usikasirike, lakini si kwa ajili yako niliweza. Niliamka nikiwa na nia, nikavaa, nikafika mlangoni, nikajua sasa ile hali ya kurudi ndani itanikamata. Haikunikamata. Dada yako alikuwa bafuni anaoga, anaimba ule wimbo wake ambao anajua nusu. Nilifungua mlango nikatoka. Nilitembea mpaka stendi nikiwa najishangaa. Kisha nikakumbuka kuwa hata alipokuwa na homa ilikuwa hivyo hivyo. Nyumba yenye mtu naiacha bila taabu.

Tukitoka wote ndipo inapokuwa kazi. Nikifika mlangoni naona kama kuna kitu sijafanya. Narudi kukitafuta. Nafunga maji, naweka kijiti dirishani, nanyanyua mlango wa jikoni, hayo ni ya kweli, lazima yafanywe. Lakini yakiisha bado kile kitu hakijafanywa. Basi nakaa kidogo kwenye kiti. Namsikia dada yako nje ananiita, najua anachelewa kwa ajili yangu, na siinuki.

Nimefikiri hivi. Maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye nyumba tupu. Naingia hakuna mtu, nasawazisha kuta, siku wenyewe wanaleta vitanda, mimi nakusanya vifaa natoka. Nimepiga lipu nyumba nyingi, sijalala ndani ya hata moja. Hii yetu nikiiacha tupu inafanana na zile. Labda ndiyo sababu. Lakini nikiyasoma haya naona yamekaa kama maneno ya vitabu vyako, na huenda ni tabia mbaya tu. Mama yangu aliniita Kobe tangu nikiwa mdogo, na wakati huo sikuwa fundi.

Kwa hiyo kweli kabisa ni kwamba sijui. Dada yako huniuliza natafuta nini. Hilo siwezi kulijibu. Kwa nini, hajawahi kuniuliza, na sidhani kama ningejua kumjibu.

Mimi Shemeji

*

Bwenini,
Jumapili, 17 Machi

Dada,

Nimeifunga humu barua ya Shemeji. Hajui kwamba nakuletea. Au anajua, maana aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kwanza. Sina hakika kama ninafanya usaliti au ninafanya jambo la maana. Nimezunguka na bahasha hii mfukoni tangu jana, nimeipeleka kwenye sanduku la posta nikarudi nayo, sasa naipeleka tena.

Nimeisoma na kila sentensi naielewa, ila zikikaa pamoja zinanichanganya. Nilidhani mtu akishaeleza jambo linakwisha. Ndivyo inavyokuwa kwenye vitabu, mhusika akieleza, wanakumbatiana, sura inafungwa. Hapa ameeleza halafu mwishoni amesema hajui, na mimi naamini yote mawili.

Sitakupa ushauri tena. Nimejionea mahali ushauri wangu ulipokufikisha, maji mpaka magotini na gauni la wageni. Naomba tu jambo moja. Shule inakaribia kufungwa. Wenzangu wanaongelea nyumbani, nami nikiulizwa nakohoa. Kabla ya siku hiyo niambie ninakuja nyumba ipi.

Miwani

*

Nyumbani,
Jumamosi, 23 Machi

Miwani wangu,

Barua zote mbili nilizisomea mapokezi. Mgonjwa mmoja, mdomo umejaa pamba, akaniuliza kwa ishara kama nimepata habari mbaya. Nikamjibu kwa ishara kwamba sijui. Akanipigapiga bega. Daktari akatukuta hivyo.

Nilipofika nyumbani sikumwambia kuwa nimeisoma yake. Nilimwambia akae. Akakaa papo hapo, jambo ambalo lilinivuruga, nilikuwa nimejiandaa kusubiri. Nikamuuliza kwa nini. Si unatafuta nini. Kwa nini. Akanitazama, akasema, "Sijui, mama." Nikaona kwamba hanidanganyi, na pia kwamba amenipa pungufu ya alichokupa wewe. Nikaumia kidogo, nikaacha ipite.

Kisha nikasema langu. Maana paka wa jirani alishalisikia, na yeye bado.

"Nilikuwa nahama."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka hapa, baba. Nilikuwa nakuacha."

Akaangalia mikono yake. "Ulikuwa uende wapi?"

"Kwa mwenzangu wa kliniki. Ana chumba cha nyuma."

"Lini?"

"Ile ile Jumamosi ya wageni. Kama ungechelewa."

Akafikiri. Unamjua akifikiri, unaweza kupika, ukala, ukaosha vyombo. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, sijawahi kuyaona hivyo. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, "Sasa si ungenisubiri kidogo, tukahama wote?"

Miwani, mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania. Miaka miwili nalala naye kitanda kimoja na sijui. Nilicheka mpaka nikateremka kwenye kiti nikakaa sakafuni, na kule sakafuni nikakuta sicheki tena, nalia, naye ameteremka kukaa na mimi, anauliza, "Nimesema vibaya? Mama, nimesema vibaya?" Hata mimi sikuwa najua.

Mwenzangu nimemwambia chumba ampe mtu mwingine. Usiniulize kama nimefanya vizuri. Usifikiri pia kwamba mambo yamenyooka. Bado nakaa kwenye ngazi, bado anasema "nakuja", Daktari bado ana maneno yake, na juzi nilirusha kiatu kupitia mlangoni, kikarudishwa kimepigwa rangi. Nimeanza kuingia ndani mara moja moja, nakaa kwenye kiti kingine, hatuongei. Nikiwa pale sielewi chochote zaidi ya nilivyoelewa nikiwa nje. Ila nakaa.

Utakuja nyumba ile ile. Siku ya kufunga shule tunakuja kukuchukua, wote wawili, pamoja. Usitusubiri getini, kuna jua kali. Kaa bwenini, ufungue kitabu kirefu.

Dada yako